Waacheni Viwavi Wale

Enyi wafanyabiashara wa Kikuubo, Kampala, mnaopanga katoni za sabuni na magunia ya sukari tangu alfajiri, nisikilizeni! Karo mnailipa kwa jasho. Lakini mmewahi kuutazama uwanja wa shule anakosoma mwanao? Saruji, vumbi lililofagiliwa, na maua ya urembo yanayopuliziwa dawa hata nyuki asitue. Kilima cha Old Kampala kiko papo hapo juu yenu. Zamani swala wa Kabaka, mfalme wa Buganda, walikuwa wakila majani pale. Leo mtoto wa mjini anamjua swala kwa picha tu.

Ombeni kona moja ya uwanja. Pandeni mlimau. Kipepeo atakuja kutaga, na kiwavi wake akiwa mchanga utadhani ni kinyesi cha ndege. Akikua anageuka kijani, na mtoto akimgusa anachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hatakuwa mwepesi wa kumponda mdudu kwa kiatu. Basi msikimbilie dawa! Majani yatatoboka, na yatoboke. Bustani hii tunaipanda iliwe.

Chomekeni na tawi la mutuba, mti wa lubugo, yaani kitambaa cha gome, ufundi wa Buganda ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Tawi lenyewe linachipua, na tini zake zikiiva ndege na popo watashiba. Mnaogopa nyoka? Fyekeni nyasi karibu na madarasa.

Wala msiseme hakuna fedha, nanyi mnatupa madumu ya mafuta ya kula kila siku; yakateni muoteshee miche. Makubwa huanza kwa kidogo: mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliketi barazani kwake na wanafunzi 12, na hapo ndipo mpango wa vijana wa kutunza mazingira, Roots & Shoots, ulipoanza. Leo vikundi vyake vimeenea duniani.

Ewe Mkristo, Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Ewe Mwislamu, Mtume alifundisha kwamba ukipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, hiyo ni sadaka yako. Mnangoja nini?

Mvua za Machi zikianza, mashimo yawe tayari. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, simama, itaje ile kona, kisha uliza nani atabaki na ufunguo wa bomba wakati wa likizo, maana miche ya shule hufa Januari, jua likiwaka na geti limefungwa.