Je, Kiumbe Huthaminiwa kwa Sauti Yake?

Ndugu msomaji, tuchukue mifano miwili kutoka nchi ya Australia, kisha tuulize: kati ya viumbe viwili vinavyopungua, kipi kinastahili zaidi huruma yetu?

Wa kwanza ni ndege mwenye manyoya meusi na ya manjano, aitwaye regent honeyeater. Misitu ya mikaratusi alimopata asali ya maua imekatwa kwa wingi, na porini wamebaki kiasi cha 300 tu. Madume wachanga hujifunza kuimba kwa kuwasikia wakubwa. Na kwa kuwa wakubwa wamekuwa adimu, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba baadhi yao huimba nyimbo za ndege wengine. Nani atasikia habari hii asihuzunike?

Wa pili ni nondo aitwaye bogong. Hana wimbo wala rangi ya kupendeza, na viwavi wake huharibu mimea ya wakulima. Lakini kila mwaka, kabla ya joto kali, huruka usiku hata kilometa 1,000 kuyaendea mapango baridi ya milimani asikopata kufika kamwe, akiongozwa na nyota na nguvu ya sumaku ya ardhi. Katika ukame wa miaka 2017 hadi 2019 idadi yake ilianguka mno, na mwaka 2021 aliandikwa katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Huko milimani yupo mnyama mdogo mfano wa panya, abebaye watoto mfukoni mwa tumbo, ambaye nondo huyu ni riziki yake kubwa. Nondo walipokosekana, baadhi ya majike walikutwa watoto wao wamekufa mfukoni.

Huenda mtu akasema: “Ndege ni wachache, nondo wangali wengi, basi aokolewe ndege kwanza.” Hoja hiyo ni sahihi kuhusu haraka, wala si kuhusu thamani. Anayezama huvutwa kwanza, lakini haimaanishi kwamba aliye na njaa ufukoni si mtu.

Tena, mara nyingi sababu yetu si hiyo. Twamhurumia ndege kwa kuwa hutuburudisha. Basi tumeyapenda masikio yetu, hatukumpenda ndege. Ndivyo pia tumpavyo sadaka maskini ajuaye kuomba, tukampita aliyenyamaza kwa haya.

Aliyemwumba mwimbaji ndiye aliyemwumba asiye na sauti. Na aliyewekewa amana haulizwi kama ilimpendeza, bali huulizwa kama aliihifadhi. Basi, ndugu msomaji, ukitaka kuipima huruma yako, usiipime kwa ndege. Ipime kwa nondo.