Mwalimu Mgonjwa Ana Deni Gani?

Tarehe 12 Oktoba 2020, baada ya karibu miezi saba ya kufungwa kwa sababu ya korona, shule za Kenya zilifunguliwa kwa madarasa matatu tu: la nne, la nane na kidato cha nne. Mimi nilikuwa nafundisha la nane hapa Kakuma. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Nilijiuliza: mtu ambaye ugonjwa unaweza kumuua upesi kuliko wenzake, ana haki ya kubaki nyumbani huku watoto wanamngoja?

Nina kisukari cha aina ya kwanza. Wengi wakisikia "sukari" wanafikiria mzee mnene aliyekula raha. Yangu siyo hiyo. Mwili wangu uliacha kutengeneza insulini nikiwa kijana, kule Kivu Kusini, wala si kwa sababu ya chai tamu. Bila sindano siishi. Na redio kila siku ilikuwa inasema korona inawaumiza zaidi wenye sukari.

Mke wangu akaniambia, "Papa, ile posho ya mwezi ndiyo italea watoto ukifa?" Asubuhi yake mama mmoja akanisimamisha njiani: "Mwalimu, huyu binti yangu asipofanya mtihani mwaka huu, baba yake atamwoza." Wote wawili walisema kweli. Hapo sikuona wa kumjibu.

Basi nikaenda. Wenzangu walinisifu kwa moyo, nami nikakubali sifa. Lakini ngoja niseme ukweli, maana bila huo insha hii ni bure. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote shuleni kwamba naumwa. Hapa kambini wanaosubiri kazi ya posho ni wengi, na mgonjwa anaogopa kwamba nafasi yake itapewa mzima. Nilijiambia: ni mwili wangu, nikifa nimekufa mimi.

Wiki ya pili nilikuwa ubaoni, joto limepanda, nimevaa barakoa. Sukari ikashuka. Kawaida wenzangu wangeona midomo inatetemeka na jasho limejaa usoni, lakini barakoa ilificha yote. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, umeandika saba mara nne ni kumi na moja." Darasa likacheka. Nami nikamfokea vibaya sana, nikamtoa nje. Anayejua ugonjwa huu anajua kwamba sukari ikishuka hasira hupanda bila sababu. Yeye angejuaje? Alisimama juani analia kwa kosa la kusema kweli. Dakika chache baadaye nikaketi chini sakafuni, nikatoa sukari mfukoni, nikailamba kama mtoto.

Siku ile nikaona kwamba hesabu yangu nayo ilikuwa mbovu kama ile ya ubaoni. Nilidhani nimeweka hatarini maisha yangu peke yangu. Kumbe siri yangu ilikuwa imeingia darasani pamoja nami, na aliyelipa ni mtoto. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeona kwamba anaweza pia kuumiza wa wenzake.

Kesho yake nilimwomba yule binti msamaha mbele ya darasa, kisha nikaeleza ugonjwa wangu wote. Mwalimu mkuu aliuliza tu, "Kwa nini hukusema?" Tukapanga: vipindi vyangu vingi viwe chini ya mti, watoto wasiondoe barakoa wakija mezani kwangu, nipewe dakika za kupima sukari. Yule binti mwenyewe ndiye alikuwa anatunza kopo la sukari.

Sasa narudi kwa swali langu. Nafikiri nililiuliza vibaya, kana kwamba deni ni la mwalimu peke yake. Insulini yangu naiweka ndani ya mtungi wa udongo, maana joto la hapa huiharibu. Mtungi unataka maji, na siku bomba letu limekauka, mama jirani hunigawia ya kwake. Mwaka 1923 waliosajili haki ya ugunduzi wa insulini waliiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja. Ningesemaje basi kwamba maisha haya ni shauri langu tu?

Ninavyoona, deni la kwanza la mwalimu mgonjwa ni kusema. Akishasema, deni linahamia kwa wengine: wafungue madirisha, wavae barakoa, wampe nafasi. Wakifanya hivyo, aende akafundishe. Wakikataa, abaki nyumbani, na aibu isiwe yake.

Na ninyi ndugu wa mashirika, mnaosoma kurasa hizi pamoja nasi: mimi nilisema na sikupoteza kazi. Wako wengine wanaoogopa bado. Msingoje waje wawaambie. Semeni ninyi kwanza, mbele ya watu wote, kwamba mwenye ugonjwa hatafutwa kwa kuutaja. Mtashangaa ni wangapi watakaonyoosha mkono.