Adui, Hasimu na Mshindani

Kila jina tumpalo mtu lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumtambulisha yeye. Kazi ya pili ni kutuagiza sisi namna ya kumtendea. Ukimwita mtu mgeni, umejiagiza kumkaribisha. Ukimwita mwizi, umejiagiza kumkamata. Kwa hiyo kijana apendaye haki hana budi kujiuliza: je, yafaa kumwita adui kila mtu ambaye haja yake haipatani na yetu?

Lugha yetu haikutunyima maneno. Adui ni mtu akutakiaye madhara. Juu yake yakupasa kujilinda. Hasimu ni mtu mwenye daawa nawe. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko humtaja hasa mtu mliyesimama naye mbele ya hakimu. Huyu yakupasa kumpeleka kwa mwamuzi. Mshindani ni mtu akitafutaye kitu kile kile ukitafutacho wewe. Dawa yake ni bidii. Mpinzani ni mtu alikataaye neno lako. Dawa yake ni hoja. Mwenye kuyachanganya maneno haya manne ni kama mganga atoaye dawa moja kwa maradhi yote.

Waingereza nao hutenga maana hizi. Neno lao enemy lilitoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni mtu asiye rafiki. Lakini neno rival, ambalo pia ni la Kilatini, awali lilimtaja mtu atumiaye kijito kimoja na mwenziwe. Itafakari maana hiyo. Watu wawili hawawi washindani kwa kuwa wako mbalimbali, bali kwa kuwa wako karibu na kiu yao ni moja.

Maana hiyo ya kale yaonekana kwa macho katika nchi ya Ndera, kando ya Mto Tana, huko Kenya. Wapokomo hulima migomba, mahindi na miembe katika udongo ulioachwa na mafuriko. Waorma ni wafugaji, na wakati wa kiangazi, malisho ya mbali yakiisha, huwashusha ng'ombe mtoni kwa njia ziitwazo malka. Malka ikizibwa kwa shamba, ng'ombe hufa kiu. Ng'ombe wakiingia shambani, chakula cha msimu huliwa kwa usiku mmoja. Kila mmoja ana haja ya kweli, na haja ya mmoja yaweza kuwa hasara ya mwenziwe. Hawa ni washindani, na shauri likizidi, ni mahasimu. Je, ni maadui?

Mwaka wa 2012 wako waliojibu kwamba ndivyo. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilishambuliwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kisasi kilizaa kisasi, na kabla mwaka haujaisha waliokufa pande zote mbili walipita 100. Mtoto mchanga hana shamba wala ng'ombe. Hakuziba malka ya mtu, wala hakulisha mahindi ya mtu. Hakuwa mshindani wala hasimu wa yeyote. Palikuwa na jina moja tu lililoweza kumweneza hata yeye, nalo ni adui.

Labda utasema, msomaji, kwamba watu huuawa kwa silaha, na kwamba ukame na ugomvi wa ardhi ndio ulioleta vita, si maneno. Ni kweli kwamba ukame huwakutanisha watu penye maji yale yale. Lakini ukame haumwambii mtu amchome mwenziwe nyumba. Kati ya kiu na mauaji pana hatua moja, na hatua hiyo ni kumvua jirani jina lake la ujirani. Mkulima amwitaye mwenye ng'ombe hasimu atakwenda kwa wazee kudai fidia. Amwitaye adui atakwenda kunoa panga. Ng'ombe ni yule yule, na shamba ni lile lile.

Labda utasema tena kwamba maadui wako kweli, na kumwita adui rafiki ni uongo. Nakubali. Aliyekuinulia silaha ni adui. Lakini adui ni yeye aliyeiinua, si mama yake, wala kabila lake, wala mtoto atakayezaliwa kesho. Hukumu ya haki humfuata mtendaji. Hukumu ya dhuluma hulifuata jina.

Zamani za uhuru viongozi wetu walitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Hapo neno lilitumiwa mahali pake. Watu wa Mto Tana waweza kuongeza ukame na mafuriko, kwa maana maji ya mwaka wa 1997, ya 2018 na ya 2023 yalimfukuza mkulima na mfugaji pamoja, bila kuwauliza kabila.

Basi, kijana, kabla hujamwita mtu adui, jiulize ametenda nini, na ni nani aliyetenda. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini binadamu si fahali: amepewa ulimi wa kudai haki yake, na baraza la kuidai. Mto hauna budi kunyweka na wawili.