Kabla ya Mbegu ya Dubai

Wanangu, nimesikia. Mnataka tushushe ngamia majike sokoni Garissa, tuuze, fedha zikatafute mbegu ya dume la Dubai, kwa sababu mmeona kwenye simu ngamia anayejaza ndoo. Sijakataa. Nimechoka kuwa mzee wa kukataa kila msimu, kwa hiyo leo nitasema polepole, na mwenye haraka anivumilie.

Watafiti wa Dubai nawaheshimu. Kituo chao cha uzazi wa ngamia kina zaidi ya miaka 30. Mwaka 2009 walimpata Injaz, ndama jike aliyenakiliwa kutokana na seli za ngamia aliyekuwa ameshachinjwa na kuliwa. Wanatoa viinitete kwa jike bingwa wa mbio na kuvipandikiza kwa majike wa kawaida, wao wambebee mimba. Hata mojawapo ya dawa za kumkomazia jike mayai mengi kwa mpigo hutoka kwenye damu ya farasi mwenye mimba. Lakini waulizeni habari ya mbegu ya kutia kwa mrija, mtaona wanavyokuna kichwa. Shahawa za ngamia ni nzito, zinanata, na kuzigandisha si rahisi kama za ng'ombe. Tena ngamia haachii yai mpaka apandwe, au adungwe sindano ya kumhadaa mwili. Fundi anayepandisha ng'ombe wa Kiambu kwa kungoja dalili za joto, hapa angekaa chini ya mgunga mpaka jua lizame.

Sasa tuje kwetu. Ngamia hubeba miezi kama 13. Kutoka ndama hadi ndama ni miaka miwili, mara nyingi zaidi, na mtamba mwenyewe hazai kabla ya miaka mitano hivi. Kwa hiyo mimba moja ikitoka, umepoteza miaka miwili ya maziwa. Hesabu hiyo haimhitaji profesa.

Na mimba mnaijua, hilo haliniumizi. Ukimkaribia jike aliyeshika, au dume likimnusa, anapandisha mkia, anaukunja juu ya mgongo, na anakaza shingo. Hata wiki mbili tatu baada ya kupandwa utauona mkia huo. Watafiti wamepima damu, wakakuta mkia husema kweli mara nyingi. Kinachoniumiza ni kwamba mnauona asubuhi, na jioni mnamfunga jike yuleyule mzigo wa kuhamia kwa sababu dume limechoka.

Juzi nilimkuta kijana mmoja bomani, jike ametupa mimba. Kijana akaingiza mkono mtupu, akavuta kondo ya nyuma, akairusha kwa mbwa. Akajipangusa kwa mchanga, kisha akaenda kukamua. Nilimwita. Akaniambia, "Adeer, ni mvua tu."

Mvua! Nyinyi wengine mlikuwa wadogo mwisho wa mwaka 2006. Mafuriko yalijaza mabwawa, na mayai ya mbu yaliyolala miaka kwenye udongo mkavu, virusi vikiwa ndani yake, yakaanguliwa. Kondoo wakaanza kutupa mimba, boma zima. Watu wakachinja waliokuwa wakiyumba, wakachuna kwa mikono, wakanywa maziwa mabichi. Mlipuko huo wa Homa ya Bonde la Ufa uligunduliwa hapa Garissa, na kufikia Machi 2007 zaidi ya watu 150 nchini Kenya walikuwa wamekufa. Soko letu likafungwa, na aliyekuwa na mbuzi mia alikosa pa kumuuza hata mmoja. Mifugo ilikuwa imetangulia kutuambia kwa mimba zake. Tukasema ni mvua tu.

Tena si homa hiyo peke yake. Brusela nayo hutoa mimba, na huingia kwa mtu kupitia kondo hiyohiyo na maziwa yasiyochemshwa. Ugonjwa wa surra, unaoletwa na nzi wanaouma, nao hutoa mimba. Jike akitupa, mtengeni. Vaeni glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi. Zikeni kila kitu shimo refu, mbwa asifukue, kisha mpigieni daktari wa mifugo aje achukue damu. Mnaonijibu kuwa daktari haji, mpigieni tena. Mimi nilipokuwa nazunguka na sindano za serikali, nilikwenda kwa aliyenisumbua.

Chanjo ya homa hiyo ipo, ila ile ya zamani, ya Smithburn, inaweza yenyewe kumtupisha mimba mnyama. Basi idungwe kabla ya msimu wa majike kupandwa, mvua ikiwa bado mbali, wala msimwite daktari siku mtakapoona maji yamefika magotini.

La maziwa nitalisema kwa ufupi maana mtanuna. Chuchu mbili za ndama, mbili za nyumba: ndivyo tulivyolelewa. Siku hizi gari la Eastleigh likipiga honi, nne zote zinaingia mtungini, na ndama anafungwa mbali akilia. Akifa, mnataka wa Dubai.

Kuhusu fedha, nileteeni daftari. Andikeni majike wangapi walipandwa msimu uliopita, wangapi walipandisha mkia, wangapi walizaa, ndama wangapi wako hai leo, na dume ni la ukoo gani, maana nasikia linawapanda binti zake. Nikilisoma hilo, tutakaa tuzungumze ni jike gani wa kuuza.