Alama za Vita, Zifutwe?

Mashariki ya mji wa London, katika Uingereza, kuna pahali paitwapo Hornchurch. Siku hizi huko kuna bustani ya watu wote: watoto hukimbia, wazee hutembea polepole kando ya mto Ingrebourne. Lakini zamani palikuwa kiwanja cha ndege za vita. Mwaka 1940 marubani waliruka hapo kwenda kupigana na ndege za Wajeremani. Tarehe 31 Agosti mwaka ule, mabomu yaliangukia ndege tatu zilipokuwa zikianza kuruka. Zote zikavunjika, ila marubani wake watatu wakapona.

Kiwanja kilifungwa mwaka 1962. Watu wakachimba changarawe, mashimo yakajazwa takataka, kisha udongo ukawekwa juu na miti ikapandwa. Hata hivyo vibanda vya zege vya walinzi vimebaki, na matundu yao ya bunduki.

Sasa tuulize: je, yafaa kuziacha alama hizo pahali watoto wanapocheza?

Wengine husema: Zivunjwe, jeraha lisitoneshwe. Neno hili lina wema, kwani asemaye hivyo ataka amani. Lakini jeraha lililofunikwa bila kuoshwa huoza. Mtoto asiyeonyeshwa pahali wazee wake walipoumia atadhani amani huota yenyewe kama majani.

Wengine husema: Zitunzwe, ndizo sifa yetu. Hapo pana hatari nyingine. Kuwashukuru waliolinda nchi ni haki. Kufurahia kifo cha adui si haki. Rubani wa upande wa pili naye alikuwa na mama aliyemngoja.

Tutajuaje, basi, kama twakumbuka vema? Kumbukumbu njema humfanya mtu auchukie ugomvi. Kumbukumbu mbaya humfanya autamani. Vibanda vile vilijengwa kuwangoja askari wa adui waje kukiteka kiwanja. Hawakuja. Leo mtoto akichungulia katika tundu la bunduki, haoni adui. Aona mtoto mwenzake akicheza. Hilo ni fundisho kubwa, nalo lisingekuwapo kama kibanda kingalivunjwa.

Nasi pia, ndugu wasomaji, tuna alama zetu: nyumba iliyochomwa, kijiji kilichohamwa. Tusizifute, wala tusizipambe. Tuwapeleke watoto wetu huko, tuwaambie ukweli wote: ubaya tuliotendewa, na ule tuliomtendea jirani.