Miguu Sakafuni na Hukumu ya Mwamuzi

Swali la kama hukumu huumba ukweli au huutambua tu limewashughulisha wanafalsafa wa sheria na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi, na mifano yake huchukuliwa zaidi mahakamani, ambako shahidi huweza kusema uongo na hakimu akaamua kwa kile alichokisikia. Pambano la mieleka ya kulipwa liitwalo Royal Rumble halitajwi katika mijadala hiyo, pengine kwa sababu mieleka ya aina hiyo huhesabiwa kuwa maigizo ya kufurahisha vijana. Dharau hiyo imewanyima wasomi mfano ulio wazi kuliko mingi, kwani humo sheria ni moja na fupi, na tukio linalohukumiwa huonekana na maelfu ya watu kwa wakati mmoja.

Pambano hilo lilianzishwa na kampuni ya Marekani iliyoitwa WWF, ambayo leo ni WWE, na la kwanza lilifanyika Januari 1988 mjini Hamilton, Kanada, likiwa na washindani 20. Tangu mwaka uliofuata idadi ya kawaida imekuwa 30. Wawili huanza, wengine huingia ulingoni mmoja mmoja baada ya muda mfupi, na hakuna kulaza mabega ya mpinzani chini kwa hesabu ya tatu wala kumbana hadi akiri kushindwa. Anayetoka ni yule aliyepitishwa juu ya kamba ya juu kabisa na miguu yake yote miwili ikagusa sakafu ya nje, na anayebaki peke yake ndiye mshindi. Sharti la miguu miwili linaonekana dogo mpaka mtu akumbuke mwaka 1995, Shawn Michaels aliporushwa nje na Davey Boy Smith, akaning'inia kwenye kamba, mguu mmoja ukagusa chini na mwingine haukugusa. Smith alikuwa tayari akishangilia, na muziki wake ukipigwa, Michaels aliporudi na kumsukuma nje kutoka nyuma. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alilipeleka sharti hilo hadi ukingoni mwaka 2012 alipoangukia mikono na kutembea kwa mikono hadi kwenye ngazi za chuma, jambo ambalo wanafiqhi wangeliweka bila shida katika mlango wa hila za kisheria, yaani njia za kutimiza herufi ya sheria huku lengo lake likikwepwa.

Hata hivyo, Michaels na Kingston hawaulizi swali gumu, kwa kuwa katika visa vyao jicho la mwamuzi na ukweli wa sakafu vilikubaliana. Ugumu huanza viwili hivyo vinapotengana. Mwaka 1994, mjini Providence, Bret Hart na Lex Luger walianguka pamoja, mwamuzi mmoja akainua mkono wa huyu na mwingine wa yule, picha za marudio zikashindwa kuonyesha nani alitangulia, na wote wawili wakatangazwa washindi. Kilichotukia huko ni uchache wa ushahidi, na busara ya kugawa haki pale isipojulikana ni ya nani ni ya zamani sana. Miaka mitatu baadaye, mjini San Antonio, mambo yalikuwa mengine kabisa: Bret Hart huyohuyo alimtupa nje Steve Austin, miguu yote miwili ikatua, ukumbi mzima ukaona na watangazaji wakasema wazi, lakini marefa walikuwa wamegeukia ugomvi wa Mankind na Terry Funk nje ya ulingo. Austin alijipenyeza ndani kimyakimya, akawatoa Vader na Undertaker, kisha akamtupa Hart mwenyewe, na kengele ikapigwa kwa jina lake.

H. L. A. Hart, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza asiye na undugu na mwanamieleka huyo, aliandika katika The Concept of Law, kitabu cha mwaka 1961, kwamba kauli ya mwamuzi huweza kuwa ya mwisho bila ya kuwa isiyokosea. Kama kanuni ya mchezo ingekuwa kwamba bao ni lolote ambalo mwamuzi ataliita bao, huo ungekuwa mchezo mwingine, mchezo wa hiari ya mwamuzi, na wachezaji wasingekuwa na sababu ya kulalamika kwamba amekosea. Kwamba Bret Hart alilalamika, na umati ukamwelewa, kwaonyesha kuwa hakuna aliyeamini kuwa Austin hakuanguka eti kwa sababu refa hakumwona.

Fiqhi ya Kiislamu ilikwisha kulipima jambo hili kwa mizani ya uzito zaidi. Imepokewa katika hadithi mashuhuri kuwa Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba aliyepewa haki ya ndugu yake kwa ufasaha wa maneno amepewa kipande cha moto. Kutokana na hadithi hiyo wanazuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafi iliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, walishika kwamba hukumu ya kadhi hupita katika dhahiri, yaani katika mambo yanayoonekana na watu, wala haigeuzi batini, yaani hali ilivyo mbele ya Mungu. Abu Hanifa alitofautiana nao kwa sehemu: katika mafungamano kama ndoa na talaka, ambayo kadhi ana mamlaka ya kuyafunga na kuyafungua, aliona hukumu hupita ndani na nje, hata iliyojengwa juu ya ushahidi wa uongo ambao kadhi hakuujua.

Kisa cha San Antonio kinaonyesha kwamba pande zote mbili zina mahali pake, mradi mtu asichanganye kuanguka na kushinda. Kuanguka ni jambo la mwili na sakafu, na halifutwi na tamko la mtu yeyote. Kushinda ni hadhi inayotolewa kwa tamko, karibu na yale mafungamano ya Abu Hanifa. Kampuni yenyewe ilitenda kana kwamba inaijua tofauti hiyo, kwa kuwa Austin amebaki katika orodha ya washindi kwa mwaka 1997, ilhali nafasi ya kuwania ubingwa, ambayo ndiyo tuzo ya pambano, ilirudishwa kushindaniwa na yeye, Hart, Undertaker na Vader katika pambano la Februari, na hatimaye, taji lilipoachwa wazi, pambano hilo likawa la ubingwa wenyewe na Hart akaushinda.

Msomaji mkali atasema kwamba yote haya yalipangwa, na ni kweli. Roland Barthes, aliyeandika juu ya mieleka katika Mythologies mwaka 1957, aliona kwamba mtazamaji hajali kama pambano limepangwa, kwa kuwa anachokuja kukitazama ni haki na dhuluma zikiwa na umbo la mwili. Lakini hoja ya msomaji huyo inafika mbali kuliko anavyodhani, kwani hata mtunzi wa dhuluma ya Austin alihitaji anguko liwe kweli ndani ya mchezo, la sivyo dhuluma isingeuma.

Kisha kuna mwaka 2005, mjini Fresno, ambako Batista na John Cena walianguka pamoja bila, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, kupangiwa hivyo. Marefa walifanya kama wenzao wa 1994, kila mmoja akiinua mkono wa mtu wake. Vince McMahon, mwenyekiti wa kampuni wakati huo, alikuja mbio kwa hasira, akachanika misuli ya mapaja yote mawili alipoingia ulingoni, na akalazimika kutoa amri akiwa ameketi chini, kwamba pambano lianze upya. Amri ile haikudai kwamba wawili wale hawakuanguka; ilikataa tu kumpa yeyote kati yao ushindi kwa anguko hilo, na Batista akalazimika kumtupa Cena nje tena.