Wanangu wa Msata, Angalieni Mnachokalia

Wanangu, tangu lami ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo ilipokuja kuungana hapa na barabara kuu ya Chalinze–Segera, kazi za kukaa zimeongezeka. Mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha yanapita, na ninyi mmefungua vibanda vya kutuma na kutoa pesa, steshonari, maduka ya dawa. Nafurahi mnapata riziki. Ila mnavyokaa sipendi hata kidogo.

Mwangalieni binti wa uwakala. Yuko kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka taa ziwake, na nyuma ya kiuno amepachika kitenge alichokikunja mara nne. Hakuna aliyemfundisha, mwili umemwonyesha pengo lilipo. Viti vile ni vya shughulini, watu wale wali waondoke. Ukikikalia kutwa, kiuno kinatokeza nyuma pale kilipoumbwa kuingia ndani, na pingili za chini ndizo zinazolipa.

Kiti cha kazi kina egemeo linalokishika kiuno. Kinapanda na kushuka, kina miguu mitano ili kisipinduke ukiinama pembeni, na kinazunguka ili ukifuata karatasi ugeuke mzima, usinyonge mgongo. Lakini kuwa nacho tu hakutoshi. Wapo waliojibana wakakinunua mtumba Dar, na hawajagusa hata ule mkono wa kukipandisha na kukishusha, ulio chini ya kalio! Kirekebishe: viwiko viwe usawa wa meza, nyayo zikanyage zote, na kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Meza ikiwa juu mno kwako, pandisha kiti kisha weka ubao chini ya miguu. Meza zetu nyingi fundi hupiga bila kumpima atakayeitumia.

Ukienda kununua, usidanganywe na kiti cha bosi, ngozi nyeusi na mgongo mrefu. Vingi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa heshima, egemeo haligusi kiuno. Kaa juu yake pale pale kwa muuzaji, tena si dakika moja. Kikishuka chenyewe, gesi inayokiinua imekwisha, kiache. Kagua na magurudumu, maana mchanga wa huku unayakwamisha upesi.

Na hata kikiwa kizuri namna gani, inuka. Mteja akiondoka, simama, jinyooshe.

Ninyi wenye vibanda mlioajiri watoto wa wenzenu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawadai mlinde afya zao. Ukuta mmeupaka rangi, bango mmelipia. Basi siku moja kikalieni wenyewe kile cha plastiki, asubuhi hadi usiku, kisha mpange bei ya kiti.